Mifuo ya Kalipa

Konde la chini ya mfereji lilikuwa limelimwa nusu nzima, na hapakuwa na mfuo hata mmoja wa plau ulionyooka. Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu jiko la brigedi yetu ya wakulima lilikuwa juu ya mwinuko, na mpishi anaposubiri sufuria ichemke hana kazi nyingine zaidi ya kuchungulia shughuli za watu. Mfuo ulianza vizuri kwenye safu ya mipopla, ile miti mirefu ya ukingoni, ukaenda kidogo, ukapinda kushoto, ukajirudi, ukapinda tena. Uliofuata ukauiga. Ungedhani aliyekuwa akilima ni mlevi.

Hakuwa mlevi. Alikuwa Kalipa, mkaza mwana wa shemeji yangu Baisal, mwanamke wa kwanza kushika usukani wa trekta katika bonde letu la Chu. Majira ya baridi yote alikuwa mjini kwenye kozi, na aliporudi alikuja na mikono iliyochubuka, harufu ya mafuta ya taa isiyotoka kwa sabuni, na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mkaza mwana yeyote wa ukoo wetu. Asubuhi na baridi yake aliizungusha hendeli ya kuwashia mwenyewe, na injini ikiwaka alicheka peke yake. Nilimpenda kwa hilo. Mimi katika umri wake nilichokuwa nikizungusha ni jiwe la kusagia.

Kiongozi wa brigedi alikuwa Panas, Mwukraine aliyezaliwa hapahapa bondeni, anayezungumza lugha yetu kama sisi na kutukana kwa lugha zote mbili. Alishuka kondeni, akatembea juu ya ile mifuo, akarudi uso umemwiva. Mfuo ukipinda, alisema, katikati panabaki vipande vya nyasi ambavyo plau haikuvigusa, na mashine ya kupandia haina pa kupita. Mkurugenzi wa stesheni ya matrekta angekuja Ijumaa kukagua. Akikuta mambo ni yaleyale, trekta angepewa Jumash, na Kalipa angerudi nyumbani kukanda unga. Tena si yeye tu. Stesheni ilikuwa imeahidi kuwapeleka kozini wasichana wengine wa bonde ikisharidhika na kazi ya Kalipa, na kwa mifuo ya namna hii ahadi hiyo ingekufa palepale.

Huyo Jumash alikuwa kijana mwenye masharubu machache na maneno mengi. Alimwambia kila mtu kwamba mwanamke hawezi kunyoosha mfuo kwa sababu macho yake yamezoea kutazama ndani ya sufuria. Alilisema hilo mbele yangu, bakuli mkononi, akisubiri nimpakulie. Nikampakulia mchuzi mtupu.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Akina mama wakasema ni husuda, na mmoja wao akaja akafunga manyoya ya bundi kwenye usukani yawe kinga. Wanaume wakasema ni gurudumu la mbele. Panas alilala chini ya trekta akakagua kila nati, kisha akaliendesha yeye mwenyewe, Baisal akiwa amekaa juu ya plau kama kawaida yake, na mfuo ukatoka umenyooka vizuri kabisa. Basi, akasema akijifuta mikono, mashine ni nzima, mgonjwa ni dereva.

Nilishinda na jambo hilo kichwani. Mimi nina ugonjwa mmoja: nikiona kitu nisichokielewa, hata chai hainishuki. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba ningezaliwa mbwa, ningekuwa mbwa mzuri wa kuwinda.

Alasiri Kalipa aliiacha plau kondeni akaja na trekta peke yake kuniletea pipa la maji. Alipokwisha kuondoka nikaziangalia alama za magurudumu, yale ya chuma yenye meno. Zilikuwa zimenyooka kutoka kwenye mipopla hadi mlangoni kwangu. Nilisimama pale na mwiko wangu nikiwaza. Panas akiendesha na Baisal nyuma, panatoka mstari ulionyooka. Kalipa akiendesha peke yake, vilevile. Kalipa akiendesha na Baisal nyuma, ni mchezo wa nyoka. Kulikuwa na kitu kati ya watu hawa wawili, nami nilitaka kukijua kama mtu anavyotaka maji.

Baisal ni mdogo wa marehemu mume wangu. Maisha yake yote alikuwa mchunga farasi, mpaka farasi wa ukoo wakahamishiwa zizi la shamba la ushirika wakapewa vijana. Yeye akapewa plau. Trekta la siku zile lilivuta plau nyuma yake, na juu ya plau alikaa mtu wa kuiinua kwa mkono wa chuma ikifika mwisho wa konde, na kuishusha tena trekta likishageuka. Vijana walikataa kukaa nyuma ya mwanamke wakila vumbi lake. Na hata wangekubali, Baisal asingewakubali. Mwanawe Kubat, mume wa Kalipa, alikuwa jeshini, na mzee aliona afadhali ale vumbi yeye kuliko kijana wa watu ashinde nyuma ya mkaza mwana wake.

Wazo likanijia, wala sikulipenda. Huenda shemeji anaona haya. Huenda kila akimtazama mke wa mwanawe juu ya lile dude, moyo unamkata, naye anauvuta ule mkono wa chuma kidogo kidogo ili plau iyumbe na trekta liyumbe, mpaka mtoto wa watu anyang'anywe kazi na arudi nyumbani. Jambo la namna hiyo lilikuwa na jina siku zile, liliitwa hujuma, na jina hilo likishamwangukia mtu, alikuwa anakuja kuchukuliwa na gari na hatumwoni tena. Nililimeza wazo langu. Nikaamua nikaone kwa macho yangu kabla Panas naye hajaanza kufikiri.

Kesho yake sikuwasubiri waje kula. Nilibeba birika la chai ya maziwa na mkate nikashuka kondeni, na nilipofika kwenye mfereji mdogo usio na maji nikajilaza ndani yake kifudifudi, mwanamke mzima, mjane, kilemba cheupe kichwani. Kama kuna mtu angenikuta pale sijui ningemwambia nini. Trekta lilikuwa linakuja upande wangu likinguruma.

Nilimtazama Baisal kwanza. Alikuwa amekaa juu ya plau mikono yote miwili ikiwa magotini, haugusi ule mkono wa chuma, macho yake mbele. Alikuwa amefunikwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilifurahi, na papo hapo nikajionea aibu kwa nilivyomdhania.

Kisha nikamtazama Kalipa. Hakuwa amekaa kama Panas anavyokaa. Alikaa ubavu ubavu juu ya kile kiti cha chuma, magoti yakitazama milimani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeng'ang'ania ukingo wa kiti. Kila baada ya kitambo kidogo aligeuka nyuma kabisa, akamwinamishia mzee kichwa, halafu akatazama mbele harakaharaka kama anayeiba. Na kila alipogeuka nyuma, usukani ulimfuata.

Nikaelewa. Nilicheka mle mferejini mpaka kilemba kikaniponyoka.

Kwetu mkaza mwana hampi baba mkwe mgongo. Ataingia uso mbele na kutoka kinyumenyume, hata akiwa amebeba maji yanayochemka. Mimi mwenyewe, mwaka nilioolewa, nilitoka kinyumenyume mbele ya baba mkwe nikakalia sufuria ya maziwa, na ukoo mzima uliheshimu jitihada yangu. Hata ndani ya gari la ng'ombe, mzee akikaa nyuma yako unajiweka ubavu. Tunaliona jambo hili tangu tukiwa mgongoni kwa mama zetu, ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kondeni. Na Panas angeweza kulala chini ya trekta mwaka mzima asilipate, maana haliko kwenye nati.

Walipokaa kula, Baisal akaenda kwenye mfereji mkubwa kunawa uso. Nikamvuta Kalipa kando.

"Mwanangu," nikamwambia, "mpe mgongo, mambo yaishe."

Hakuuliza nilijuaje. Aliinamisha uso akatazama mikono yake. "Siwezi, mama."

"Huko kozini ulikuwa humpi mtu mgongo?"

"Nilikuwa nawapa wote. Mwalimu, madereva, hata wakubwa waliokuja kututazama. Lakini wale si baba mkwe." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Kila asubuhi najiambia leo sigeuki. Nikifika katikati ya konde shingo inaanza kuwaka moto. Naona kama nimemtemea mate yule mzee."

Nikamwambia basi nizungumze na Panas, amtafutie mtu mwingine wa plau, hata Mwukraine mwenzake, ambaye yeye Kalipa atampa mgongo bila wasiwasi. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Akasema nisithubutu. Farasi walishachukuliwa, na hii plau ndiyo kazi iliyobaki. Wakimtoa hapo pia, mzee atakaa wapi na atatazama nini? Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Akina mama wa ukoo walipokwenda nyumbani kwa Baisal kumwonya kwamba mwanamke juu ya mashine ataleta balaa, mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, akawafungulia mlango wakatoka, halafu akamwambia Kalipa neno moja tu, aende. Kama si neno hilo, asingelijua trekta hata kwa picha.

Nikaona fundo lilivyokaza. Heshima ndiyo iliyomweka mzee kwenye plau, na heshima hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikipinda mifuo, na yule binti alikuwa tayari kupoteza trekta kuliko kumwondoa mzee. Nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Mimi si mtu wa kukaa bila dawa. Bibi harusi wetu hukaa siku za kwanza nyuma ya pazia, baba mkwe asimwone naye asimwone. Nikafikiri, kama pazia lilitosha nyumbani, kwa nini lisitoshe juu ya trekta? Langu la harusi nilikuwa bado nalo sandukuni, jekundu, lenye pembe za kondoo dume zilizodariziwa kwa mkono wa mama yangu. Nikalileta, tukalifunga kwenye miti miwili nyuma ya kiti. Baisal alitutazama tukifunga, kisha akapanda plau yake.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kalipa alikaa sawasawa, akatazama mbele, na mfuo ukaanza kunyooka, nami nikawa nimeshaanza kujisifu. Kisha upepo ukashuka kutoka upande wa juu wa bonde, kama kawaida yake ikifika alasiri. Pazia likavimba, likapiga mara mbili tatu, likamwangukia Kalipa na kumviringa kichwa kizima. Trekta likaacha konde, likaingia kwenye mfereji mkubwa pua mbele, likazimika.

Hakuna aliyeumia, ila walikuja kutazama kutoka pande zote. Panas alifika akihema, akalichana pazia kwenye miti, akauliza kama hapa tunalima au tunaozesha mtu. Jumash alicheka mpaka akakaa chini. Kalipa alisimama na matope hadi magotini, hakulia, midomo tu ilikuwa imekauka. Panas akapoa akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amemvumilia kadiri alivyoweza, kesho ni Ijumaa, na kesho haitakuwa na kesho nyingine. Aliposema hivyo niliona kwamba hata yeye roho inamuuma.

Farasi wakalivuta trekta likatoka. Watu walipotawanyika nikamfuata Baisal. Alikuwa amechutama kando ya plau, akikwangua matope kwenye meno ya plau hiyo kwa kijiti. Mimi ni mke wa kaka yake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtania na kumsema, na nimeitumia ruhusa hiyo maisha yangu yote.

"Shemeji," nikamwuliza, "unajua kwa nini mifuo inapinda?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Uso si nageuziwa mimi?"

Damu ilinichemka. Nikamwuliza anajua na amenyamaza, anangoja nini, binti anaungua mbele ya macho yake na yeye anakwangua matope. Alikwangua jino moja mpaka likang'aa kabla ya kunijibu. Akaniambia kwamba siku hizi vijana wa shamba wanamwita kwa jina lake tupu. Wanakaa yeye akiwa amesimama. Jumash, ambaye baba yake alikuwa akimshikia farasi apande, anatema mate mbele yake. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Yule mtoto peke yake ndiye anayenigeukia," akasema. "Siku nzima, kwenye vumbi lile, ananigeukia. Nikimwambia aache, nitabaki na nani?"

Mimi huruma ikinizidi huwa mkali. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, basi, kuanzia kesho jioni atakuwa nao uso huo nyumbani kwake tangu kunakucha mpaka wanalala, hakuna trekta wala plau ya kuwasumbua, autazame mpaka ashibe, halafu aje aniambie kama umewahi kucheka tena. Aliinuka, akakitupa kile kijiti, akaenda zake bila kuniaga. Nilirudi jikoni nikijilaumu, nikijua ulimi wangu umeharibu hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Ijumaa mkurugenzi wa stesheni alikuja na kigari cha farasi, mtu mwembamba mwenye miwani na buti za mjini. Shamba zima lilijua, na nusu yake ilikuwa imejipanga kando ya konde ikisingizia kazi nyingine. Jumash alikuwa amevaa shati safi. Wale wasichana waliokuwa wakingoja kozi walisimama pamoja, wameshikana mikono. Mimi niliacha sufuria ijiunguze ikitaka.

Kalipa alizungusha hendeli, injini ikawaka, hakucheka. Akapanda. Hata kabla trekta halijatikisika nilimwona ameshajiweka ubavu, magoti milimani.

Baisal akaja nyuma yake, akapitisha mguu juu ya plau, akakaa. Akakaa kinyume, uso wake ukitutazama sisi, mgongo wake kwa trekta.

Kwetu mtu hapandi kinyume. Zamani mwizi wa farasi akikamatwa, alipandishwa juu ya ng'ombe uso ukitazama mkia, akazungushwa kambi kwa kambi huku watoto wakimtupia samadi, na aliyepandishwa hivyo mara moja, wajukuu zake walikuwa wakichekwa kwa ajili yake. Na huyu alikuwa mchunga farasi. Mzee wa ukoo, mbele ya watu wote, mbele ya mgeni wa mjini, amejipandisha mwenyewe.

"Mzee Baisal," Jumash akapaza sauti, "umeiba farasi wa nani?"

Kicheko kilichotoka pale sitaki kukikumbuka. Walicheka vijana, wakacheka hata watu wazima walioujua uzito wake, labda hao zaidi. Mkurugenzi akamwuliza Panas kuna kichekesho gani, na Panas akavua kofia akajikuna kichwa. Masikio ya Baisal yalikuwa yameiva mekundu, lakini uso wake ulikuwa umetulia. Akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kumfikia Kalipa tu, ingawa mimi nilikuwa karibu nikaisikia:

"Nimekupa mgongo mimi kwanza, mwanangu. Sasa hapa hapana wa kumgeukia. Nenda."

Mkubwa akimpa mdogo mgongo hakuna kosa. Kalipa aliangalia nyuma mara moja, akauona mgongo wa baba mkwe wake, koti kuukuu lenye vumbi. Nikamwona akilirudisha goti moja mbele, kisha la pili. Akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Trekta likaondoka. Nilijaribu kusimama mahali pangu kama watu wenye adabu, sikuweza, nikalifuata mbiombio kando ya konde nimekunja vazi, kwa sababu nilitaka kuuona mfuo ukitoka ardhini. Ulitoka umenyooka. Nilingoja upinde pale unapopinda siku zote, haukupinda. Nikangoja pengine, haukupinda. Baisal alikuwa akisogea mbali nasi akitutazama, na mfuo ukitoka chini ya miguu yake mweusi na mnyofu, na katika watu wote yeye ndiye aliyekuwa akiuona vizuri zaidi. Machozi yalikuwa yanamtoka yakichora vumbi usoni. Jumash alikuwa ameacha kucheka.

Hapo ndipo nilipokumbuka ule mkono wa chuma. Siku zote Baisal aliona mwisho wa konde kwa macho yake mwenyewe, akajua wakati wa kuinua. Sasa alikuwa akitutazama sisi. Mbele yao palikuwa na mipopla, na mizizi yake minene kama paja la mtu, na plau ikiingia pale bila kuinuliwa ingevunjika meno na kumrusha mzee. Wa kumwambia alikuwa mmoja tu, na kwa ngurumo ile asingeweza kumwambia ila kwa kupiga kelele. Na mkaza mwana wetu hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Tangu Kalipa aolewe sikuwahi kusikia sauti yake mbele ya Baisal; akitaka kumwambia neno alikuwa akimnong'oneza mtu mwingine alifikishe.

Panas naye aliliona. Alianza kukimbia akipunga kofia, lakini alikuwa mbali mno, na Kalipa alikuwa akitazama mbele. Mipopla ilikuwa inakaribia. Nilisimama, mikono kifuani, na nikajikuta nasema peke yangu, sema, mwanangu, sema.

"Inua, baba!"

Tuliisikia sote, juu ya injini, kutoka upande wa pili wa konde. Ilikuwa sauti nene, kubwa kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza kuitoa. Baisal akavuta. Plau ikachomoka ardhini udongo ukidondoka, trekta likageuka chini ya mipopla, na mfuo wa pili ukaanza kando ya wa kwanza.

Waliporudi upande wetu Kalipa alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, macho mbele. Mkurugenzi alikwenda akachutama kwenye kichwa cha mfuo, akafumba jicho moja akautazama urefu wake wote, kisha akaondoa miwani akaifuta. Alimwambia Panas kwamba hajaelewa kwa nini mtu wa plau amekaa vile, na hana haja ya kuelewa, na kwamba stesheni inawataka wale wasichana wengine kozini kabla ya majira ya baridi. Wasichana wakaachiana mikono, wakarukaruka pale walipo.

Kalipa hakuyasikia hayo, alikuwa ameshaligeuza trekta tena. Walilima mpaka konde likaisha, na kila walipofika kwenye mipopla tulimsikia akimpigia kelele baba mkwe wake, na mzee akitii.